KOMPYUTA KUUKUU NYUMBANI: TUITENGENEZE AU TUNUNUE NYINGINE?

Bismillahir Rahmanir Rahiim

UTANGULIZI



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, somo hili linahusu chombo ambacho sasa kimo katika nyumba zetu nyingi, nacho ni kompyuta. Miaka michache baada ya kununuliwa, kompyuta huanza kuchoka. Hapo nyumba hugawanyika. Watoto husema, "Hii imekufa, tununue mpya." Baba husema, "Mbona inawaka? Itumieni hivyo hivyo." Aghalabu pande zote mbili husema bila kuichunguza kompyuta yenyewe.

Katika somo hili tutajifunza namna ya kuichunguza, kuitibu inapotibika, na kuiacha inapofika wakati wa kuiacha. Lakini kabla ya yote hayo, nitakuelezeni kisa kilichonipata mimi mwenyewe, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike somo hili.

KISA CHA NYUMBANI KWETU

Nyumbani tunayo kompyuta ya mezani tuliyoinunua mwaka 2013. Ilikuja na Windows 7, baadaye tukaitia Windows 10. Mke wangu huandikia humo hesabu za ushonaji wake, binti yangu hufanyia humo kazi za shule, na mimi hutayarishia humo mitihani ya madrasa. Humo pia niliweka darsa 14 za marehemu baba yangu, Allah amrehemu, nilizozihamisha kutoka kwenye kanda za kaseti.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ilianza kuwa nzito. Kuwaka tu ilichukua dakika 10. Halafu ukaanza kusikika mlio ndani yake, tik, tik, kama saa ya ukutani. Mwanangu akaniambia, "Baba, hii imeshakufa." Nikamjibu, "Mwenye kufa hawaki asubuhi." Tukacheka. Kwa muda wa miezi miwili tukabishana: mpya au hii hii? Tukaenda hadi madukani kuuliza bei. Tukarudi, tukabishana tena.

Asubuhi moja haikuwaka. Fundi aliifungua, akatuambia diski imekufa na kwamba kuyatoa yaliyomo kunahitaji vifaa maalumu ambavyo yeye hana. Katika zile darsa 14, nilikuwa nimezinakili kwenye flashi 9 tu, siku moja nilipotaka kumpelekea dada yangu. Tano zilizobaki zimepotea. Kanda zenyewe zilikwisha kuharibiwa na unyevu na zikatupwa.

Ndugu msomaji, sikuhuzunika kwa ajili ya kompyuta. Kompyuta ilitengenezwa na mpaka leo tunaitumia. Nilihuzunika kwa kuwa kwa miezi miwili tulishughulika na chombo, tukasahau kilichomo. Basi kanuni ya kwanza ya somo hili ni hii: KABLA YA KUAMUA KUITENGENEZA AU KUIBADILISHA, OKOA KILICHOMO.

HATUA YA KWANZA: NAKALA YA AKIBA

Diski ya zamani ina sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kijiti chembamba kinachosoma juu yake bila ya kuigusa. Kitu kinachozunguka hivyo kwa miaka kumi lazima kitachoka. Mlio wa tik-tik, mafaili yanayogoma kufunguka na kompyuta kuganda kila mara ni dalili za diski inayokaribia mwisho wake. Ukiziona, usiendelee kuitumia kwa kazi nyingine. Nakili kwanza.

Wataalamu wana kanuni nyepesi ya kukumbuka, nayo ni 3-2-1:

(a) Kila jambo muhimu liwe na nakala 3, ukihesabu na ile ya asili.
(b) Nakala hizo ziwe katika vyombo vya aina 2 tofauti, kwa mfano diski ya kompyuta na flashi.
(c) Nakala 1 ikae nje ya nyumba, kwa mfano kwa ndugu yako au katika hifadhi ya intaneti. Nyumba ikiungua au mwizi akiingia, vyote vilivyomo huondoka pamoja.

Anzeni na vile visivyonunulika dukani: picha za familia, sauti za wazee, vyeti vilivyopigwa skani, hesabu za biashara na wasia. Programu na filamu ziwe za mwisho, kwani hizo hupatikana tena.

HATUA YA PILI: KUUJUA UGONJWA

Kusema "kompyuta imezeeka" ni sawa na kusema "mtu anaumwa". Daktari hatakubali jibu hilo. Atauliza: unaumwa wapi? Kompyuta nayo ni mkusanyiko wa sehemu, na kila sehemu ina ugonjwa wake na dawa yake. Zifuatazo ni dalili zinazoonekana zaidi:

1. Inachukua muda mrefu mno kuwaka na kufungua programu, na taa ya diski haitulii. Ugonjwa aghalabu ni diski ya kuzunguka. Dawa ni kuweka SSD.

2. Inakwenda vizuri ukifungua programu moja, lakini ukiongeza kurasa za intaneti inakwama. Ugonjwa ni RAM ndogo. Dawa ni kuongeza RAM.

3. Feni inaunguruma, mwili unachoma, kisha inajizima yenyewe. Ugonjwa ni joto. Vumbi limeziba njia ya hewa, au ile kirimu ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka. Dawa ni usafi na kirimu mpya.

4. Kila ikichomolewa umeme saa na tarehe hurudi nyuma, na tovuti zinakataa kufunguka kwa kudai kwamba hazina usalama. Ugonjwa ni betri ndogo ya duara iliyo ndani, ya volti 3, iitwayo CR2032. Kompyuta ikidhani tuko miaka kumi nyuma, huziona hati za usalama za tovuti kuwa si sahihi. Dawa yake huuzwa mpaka kwa mafundi wa saa.

5. Laptopu inazimika mara tu chaja inapochomolewa. Betri imekwisha. Ikiwa imevimba na kuinua kibodi, izimeni, msiichaji tena, na msiitoboe. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto. Mpelekeeni fundi.

6. Matangazo yanajitokeza yenyewe na programu usizozijua zimejaa. Hapa kompyuta huenda ni nzima kabisa, ila imejaa uchafu wa programu au virusi. Dawa ni kuokoa mafaili, kisha kuweka mfumo upya.

Mwanafunzi anaweza kupima mwenyewe. Katika Windows 10, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona jinsi prosesa, RAM na diski zinavyotumika. Ikiwa diski imefika asilimia 100 na prosesa imetulia, usiilaumu prosesa. Ipo pia programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inayosoma afya ya diski. Kwa betri ya laptopu, andika powercfg /batteryreport katika dirisha la amri, utapata ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake hivi sasa.

HATUA YA TATU: MATIBABU YENYE FAIDA KUBWA

SSD. Katika matengenezo yote, hili ndilo linaloibadilisha zaidi kompyuta ya zamani. Diski ya kuzunguka ni kama msimamizi wa maktaba mwenye kukimbia kutoka rafu hadi rafu kutafuta kila kitabu. Kila anapotafuta hupoteza kiasi cha elfu kumi za sekunde, yaani 10 kwa 1,000, na kompyuta inapowaka hutafuta maelfu ya mara. SSD haina kinachozunguka, hivyo hufikia kitabu chochote karibu papo hapo. Kompyuta yetu iliyokuwa ikichukua dakika 10 kuwaka, baada ya kutiwa SSD iliwaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Hata hivyo, SSD haiongezi nguvu ya prosesa. Kazi iliyokuwa ikiishinda prosesa itaendelea kuishinda.

RAM. Ichukulie diski kuwa ni kabati na RAM kuwa ni meza ya kuandikia. Meza ikiwa ndogo, kila unapotaka kitabu kingine lazima ukirudishe cha kwanza kabatini. Kwa kazi za shule na intaneti ya sasa, GB 4 ni kidogo na GB 8 zinatosha. Lakini tahadhari: RAM za DDR3 haziingii katika nafasi ya DDR4, kwani pengo lake limewekwa mahali tofauti kwa makusudi. RAM ya laptopu nayo ni fupi kuliko ya kompyuta ya mezani. Nendeni dukani na ile ya zamani mkononi. Aidha, mfumo wa biti 32 hauwezi kunufaika na RAM ya zaidi ya takribani GB 4, hivyo hakikisheni mfumo ni wa biti 64.

Usafi. Sisi tunaokaa mahali penye vumbi na hewa ya chumvi tuifungue kompyuta na kuisafisha angalau mara moja kwa mwaka, ikiwa imezimwa na kuchomolewa umeme. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo nao huua kompyuta nyingi kabla ya umri wao. Kifaa cha kusawazisha umeme ni ngao nzuri.

Katika haya tunakumbuka mafundisho ya dini yetu. Imepokewa kutoka kwa Bi. Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake alikuwa akitengeneza viatu vyake na kushona nguo zake mwenyewe. Kutengeneza kilichochakaa si aibu wala si umaskini. Na katika Suratul Israa (17:26-27) tumekatazwa kufuja mali. Kukitupa chombo ambacho dawa yake ni betri ya volti 3 ni kufuja.

JE, USALAMA WAKE?

Hapa ndipo wale wanaosema "inawaka, itumieni hivyo hivyo" wanapokosea. Kompyuta inaweza kuwa nzima mwili wake lakini haina mlinzi.

Kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 10 tarehe 29 Julai 2015, na ikaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kabla yake, Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mfumo ukiachwa, kompyuta haizimiki. Kinachokoma ni masasisho ya usalama. Kila mwezi hugunduliwa nyufa mpya ambazo wezi wanaweza kupita, na mtengenezaji huziziba. Akiacha kuziziba, mlango wako umebaki na kitasa kile kile, lakini funguo zake zinaendelea kuchongwa mitaani. Programu ya kuzuia virusi husaidia, ila haizibi nyufa za mfumo wenyewe.

Kwa watumiaji wa nyumbani, Microsoft ilitangaza muda wa nyongeza wa masasisho ya usalama ya Windows 10 mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa wale wanaojiandikisha. Hiyo ni nafasi ya kupumua na kujipanga, si makazi ya kudumu.

Baadhi watauliza: kwa nini tusitie Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021? Windows 11 inataka RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa nyingi za Intel Core, maana yake ni kizazi cha 8 na kuendelea, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kizazi husomwa katika namba. Prosesa ya i5-8250U ni ya kizazi cha 8, na i5-3320M ni ya kizazi cha 3. Zile za i7-10510U ni za kizazi cha 10. Kuangalia TPM, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika tpm.msc.

Wapo mafundi wanaoilazimisha Windows 11 iingie katika kompyuta isiyokubalika. Huingia, lakini Microsoft haikudhamini kwamba kompyuta hizo zitapata masasisho. Wapo pia wanaoweka Windows na programu za wizi zilizovunjwa kufuli. Hapa yapo mambo mawili. Kwanza, ni mali ya watu iliyochukuliwa bila ya ridhaa yao. Pili, aliyevunja kufuli ya mwenzake hukuwa naye ili uone alichokiacha ndani, na virusi vingi huingia majumbani kwa njia hiyo.

NJIA YA TATU: MFUMO MWINGINE

Watu wengi hudhani njia ni mbili tu, kukaa na Windows iliyoachwa au kununua kompyuta nyingine. Ipo ya tatu, nayo ni Linux, mfumo wa halali unaotolewa bure. Iko ya aina nyingi, na kwa anayetoka Windows, Linux Mint ni nyepesi kuizoea. Inaanza na RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa. Mint 22, iliyotoka Julai 2024, imepangiwa kuhudumiwa mpaka mwaka 2029. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi ya GB 8 bila ya kuisakinisha, uone kama sauti, intaneti na printa vinafanya kazi.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huru ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ndugu yake wa leo ni LibreOffice, anayeandika barua, jedwali la hesabu na maonyesho, na anafungua mafaili ya Word.

Tuwe wakweli pia juu ya upungufu wake. Microsoft Office ya kawaida haisakiniki humo. Faili la Word lenye mapambo mengi huweza kuhama mpangilio. Michezo kadhaa haifanyi kazi, na baadhi ya printa husumbua. Kwetu sisi, mke wangu alilalamika kwa wiki mbili kwamba vitufe havipo alipovizoea, kisha akaacha kulalamika. Mimi mitihani ya Kiarabu naiandika humo bila taabu.

LINI SASA TUNUNUE?

Kukarabati kusiwe kiburi. Ukweli ni kwamba ziko hali ambazo kununua ndiko kuzuri:

(a) Ubao mkuu wa ndani umeungua, au sehemu zake hazipatikani tena.
(b) RAM imegandishwa katika ubao, ni GB 2 tu, na haiongezeki.
(c) Kazi halali ya mwenye kuitumia imeizidi nguvu, kama mwanafunzi wa usanifu wa majengo, au kijana anayehariri video kwa kipato chake.
(d) Chuo au kazi inalazimisha programu isiyokubali mfumo mwingine.
(e) Mnafanyia humo miamala ya fedha, mfumo umeachwa, na hamna njia ya kuweka mwingine.
(f) Imeshatengenezwa mara kadhaa katika mwaka mmoja na kila mara inaumwa pengine.

Kama hakuna hata moja katika hayo, jiulize kwa ukweli: ninataka au ninahitaji?

Njia nzuri ya kuamua ni kugawanya gharama kwa miaka. Tuchukue hesabu ya mfano. Laptopu ya mtumba inayofaa inauzwa shilingi 600,000, nayo tunatarajia itumike miaka 5. Kila mwaka ni shilingi 120,000. SSD, RAM na ufundi wa ile ya zamani ni shilingi 150,000, nayo itatumika miaka 2. Kila mwaka ni shilingi 75,000. Hapa kutengeneza ni bora. Lakini kama matengenezo ni ya ubao mkuu kwa shilingi 300,000, na fundi hawezi kukuhakikishia zaidi ya mwaka mmoja, basi mwaka huo mmoja umekula 300,000. Hapa kununua ni bora. Bei zitabadilika kila mahali, lakini hesabu ni ile ile.

Na fedha hizo zitoke wapi? Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwomba Allah (S.W.) amkinge na mzigo wa madeni. Kukopa kwa riba ili kununua kompyuta ni kuingiza moto ndani ya nyumba kwa ajili ya kuota. Mkikopeshana kwa wema, andikianeni, kama tulivyofundishwa katika Suratul Baqara (2:282).

TUKINUNUA MTUMBA

Nyumba nyingi zitanunua kompyuta iliyokwisha kutumika, na hakuna ubaya. Ila angalieni haya kabla ya kutoa fedha:

1. Prosesa iwe ya kizazi cha 8 au zaidi ikiwa mnataka Windows 11. Msikubali neno "ni i7" peke yake. Ipo i7 ya zamani inayoshindwa na i3 mpya.
2. Chomoeni chaja na muitumie kwa nusu saa mbele ya muuzaji.
3. Jaribuni kila kitufe cha kibodi, kamera, spika, na kila tundu la USB.
4. Iwasheni upya na muingie BIOS. Ikiwa imefungwa kwa neno la siri ambalo muuzaji halijui, iacheni. Huenda ni mali ya kampuni, au ya wizi.
5. Takeni risiti na muda wa majaribio.

Kwa upande wa wauzaji, tunakumbushana hadithi ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula na kukuta chini yake kumelowa. Aliyeficha kilicholowa alikemewa vikali. Betri iliyokufa na diski yenye mlio ni kile kile kilicholowa, na mwenye kuuza ana wajibu wa kukiweka juu.

YA ZAMANI TUIPELEKE WAPI?

Mkiamua kuiacha, kwanza safisheni diski. Kufuta faili, au hata kuformati kwa haraka, hakuondoi yaliyomo. Mwenye programu ya kufufua mafaili atayaona. Tumieni programu inayoandika juu ya diski nzima, au itoeni diski mbaki nayo. Picha za mama na dada zetu ni stara ya nyumba, tusiziuze pamoja na chuma.

Pili, ikiwa bado inafaa, itoeni sadaka ikiwa nzima na imesafishwa. Kumpa mtu kitu kilichokushinda kabisa ili akakitupe yeye ni kumhamishia taka. Tatu, msiichome moto. Ndani yake mna risasi, na skrini nyingi za zamani zina zebaki. Moshi wa nyaya zake ni sumu kwa watoto wa jirani. Mpelekeeni fundi anayechukua vipuri au kituo kinachokusanya taka za umeme.

NASAHA

Wanangu wanafunzi: mzazi anaposema "subiri", mara nyingi amekwisha kuhesabu ada, chakula na dawa kabla ya kufika kwenye kompyuta. Usimwambie "imekufa". Mpelekee uchunguzi: diski iko hivi, RAM ni kiasi hiki, dawa yake ni hii na bei yake ni hii. Hapo utakuwa umemsaidia kuamua, si kumsukuma.

Wazazi wenzangu: mtoto anapolalamika, msimnyamazishe. Huenda mlalamikaji ndiye aliyesikia mlio wa kwanza wa diski. Mimi wangu alisikia, nami nikamfanyia mzaha.

Sasa kila mwisho wa mwezi, baada ya Isha, binti yangu huchukua diski ya nje na kunakili kila kilichobadilika. Zile darsa 9 ziko kwetu, kwa dada yangu, na katika hifadhi ya intaneti. Kompyuta yetu ya mwaka 2013 haijui kwamba ni kongwe, na siku itakapokufa tutaipeleka kwa fundi achukue vipuri vyake, nasi hatutapoteza kitu Inshaallah.

MUHTASARI

1. Okoa kilichomo kabla ya yote.
2. Ujue ugonjwa kabla ya kununua dawa.
3. Uzito hutibika kwa SSD, RAM na usafi.
4. Mfumo ulioachwa usitumike kwa mambo ya fedha na siri. Tafuteni mfumo mwingine au kompyuta nyingine.
5. Gawanya gharama kwa miaka, kisha amua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kanuni ya 3-2-1 na utoe mfano kutoka nyumbani kwenu.
2. Kompyuta inarudisha tarehe nyuma kila ikichomolewa umeme. Ugonjwa wake ni nini, na kwa nini tovuti hukataa kufunguka?
3. Nini tofauti ya kazi ya RAM na ya diski?
4. Mfumo wa kompyuta ukiachwa na mtengenezaji wake, nini hukoma na nini huendelea?
5. Laptopu ya shilingi 480,000 itatumika miaka 4. Matengenezo ya shilingi 200,000 yatadumu mwaka 1. Lipi bora? Onyesha hesabu.
6. Kaa na wazazi wako, andikeni orodha ya vitu vilivyomo katika kompyuta au simu yenu ambavyo haviwezi kununuliwa tena. Vingapi vina nakala?

Swali la sita msilichelewe. Lifanyeni leo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.